Njia za Miguu Zisizopitiwa na Wengi katika Hifadhi ya Everglades: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Everglades ni mahali pa namna gani, na kwa nini baadhi ya njia zake hazijulikani?

Hifadhi ya Taifa ya Everglades iko kwenye ncha ya kusini ya jimbo la Florida, Marekani, mwendo wa takriban saa moja kwa gari kutoka Miami. Ilizinduliwa rasmi na Rais Harry Truman tarehe 6 Desemba 1947, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 6,100, na tangu 1979 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni bwawa lililotuama, kumbe ni maji yanayotembea polepole mno kutoka pande za Ziwa Okeechobee kuelekea Ghuba ya Florida, juu ya sakafu ya mawe ya chokaa iliyo tambarare karibu kabisa. Kwenye barabara kuu ya hifadhi, mahali paitwapo Rock Reef Pass, kuna kibao kinachotangaza mwinuko wa futi 3 kutoka usawa wa bahari, yaani chini ya mita moja. Madereva husimama kukipiga picha huku wakicheka, lakini kibao hicho kinaeleza hifadhi nzima: sentimita chache tu za mwinuko huamua kama utakanyaga msitu, nyasi, matope au maji.

Wageni wengi huishia kwenye njia ya Anhinga iliyo karibu na Royal Palm, ambayo ni fupi, imesakafiwa kwa lami na mbao, na huonyesha aligeta (jamaa wa mamba) na ndege bila mtu kutoa jasho. Hatuikejeli njia hiyo. Inastahili sifa zake. Ukurasa huu unahusu njia nyingine, hasa zile za kusini karibu na Flamingo (mahali pa pwani ambapo barabara kuu ya hifadhi huishia), ambazo hazina mbao za kukanyagia wala umati wa watu, na ambazo hali yake hubadilika kila majira. Nyingi kati yake ni barabara za kale zilizoachwa zimezwe na miti. Kwa hiyo swali la kwanza la mtembeaji lisiwe urefu wa njia, bali maji yamefika wapi wiki hii.

Ni miezi gani inayofaa?

Kuanzia Desemba hadi Aprili. Kiangazi cha Florida ya kusini huangukia miezi ambayo sehemu nyingine za Marekani zinatetemeka kwa baridi, na wakati huo hewa ni kavu, mbu wamepungua, na maji yamejikusanya katika madimbwi machache ambako samaki, ndege na aligeta hukutana. Mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 1,500, na sehemu kubwa yake hunyesha kati ya Mei na Oktoba, mara nyingi alasiri na pamoja na radi. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba.

Ukilazimika kwenda katika miezi ya mvua, usipange njia yoyote ndefu ya pwani. Kwa maoni yetu Februari na Machi ndiyo miezi bora kuliko yote, kwa sababu matope ya Desemba huwa yamekauka na joto la Mei bado halijafika.

Nikiwa na siku moja tu, nichague njia ipi?

Chagua Christian Point. Inaanzia kandokando ya barabara kuu, kama kilomita moja na nusu kabla ya kufika kituo cha wageni cha Flamingo, na urefu wake ni takriban kilomita 3 kwenda tu. Kilometa hizo chache zinakupitisha katika mazingira matatu tofauti, jambo ambalo njia ndefu zaidi hazifanyi.

Mwanzoni utapita katikati ya mikoko. Msomaji aliyekulia Lamu, Tanga au Kilwa hatahisi ugeni, kwa kuwa mkoko mwekundu wa Florida ni wa jenasi moja na mkoko wetu, na ule mweusi ni wa jenasi moja na mchu. Hata vile vijiti vya mizizi vinavyochomoza kutoka kwenye tope kuvuta hewa utavitambua. Baada ya hapo unaingia kwenye msitu wa miti iitwayo batonwudi, ambayo ni ya ukoo mmoja na mkungu. Mingi iliangushwa na vimbunga, ikalala, kisha ikachipua tena kutoka ubavuni, hivyo matawi yamejisokota kwa namna isiyoelezeka vizuri kwa picha. Inama uangalie tawi moja kwa karibu. Limefunikwa na bromelia, mimea ya ukoo wa nanasi inayoota juu ya miti bila kuinyonya, na katikati ya majani ya kila mmoja kuna kikombe cha maji ya mvua ambamo chura mdogo wa kijani anaweza kuwa amejibanza akisubiri giza. Walowezi wa Flamingo wa mwishoni mwa karne ya 19 walichoma batonwudi kupata mkaa, wakausafirisha kwa mashua hadi Key West.

Mwishowe miti inakatika ghafla na unatokea kwenye uwanda wa pwani, mweupe kwa matope makavu na mimea minene ya chumvi, hadi ukingo wa ghuba ndogo ya Snake Bight. Sehemu hii haina kivuli hata kidogo. Ikiwa mvua imenyesha siku za karibuni, tope la uwanda huo hunata kwenye viatu hadi kila mguu ukawa mzito maradufu, na mtu huchoka kabla hajafika nusu. Katika hali hiyo geuza ukiwa bado msituni, wala hutakuwa umepoteza kitu, kwa sababu msitu ndio ulio bora.

Snake Bight na Rowdy Bend zinatofautianaje?

Snake Bight ni njia nyoofu ya kilomita 2.6, kando ya mfereji wa zamani, chini ya miti ya kitropiki iliyofungana. Rowdy Bend ina kilomita 4.2, nayo hupinda katikati ya batonwudi na uwanda wazi hadi inapoungana na ile ya kwanza. Rowdy Bend ni ya kupitia. Snake Bight ni ya kufikia. Mwisho wake ni pwani ya matope ambako ndege wa majini hula kwa mamia: kwarara weupe, yangeyange, mwari, na domomwiko wa rangi ya waridi ambaye wengi humwita heroe kwa makosa. Heroe wa kweli huonekana pia kwa nadra. Walitoweka Florida kwa muda mrefu baada ya kuwindwa kwa ajili ya manyoya, na mnamo Agosti 2023 Kimbunga Idalia kilileta makundi yao, ambayo inaaminika yalipeperushwa kutoka pande za Rasi ya Yucatán, Mexico.

Saa ya kufika ni muhimu kuliko saa ya kuondoka. Maji yakipwa, tope hutandaa mbali na ndege huenda nalo, wakabaki nukta nyeupe upeoni. Maji yakianza kujaa, husukumwa taratibu kuelekea ulipo. Basi tazama jedwali la maji la Flamingo usiku uliotangulia, ufike ufukweni saa moja au mbili kabla ya maji kujaa, na ubebe darubini. Usijaribu kabisa kushuka kwenye tope kuwafuata ndege, kwani halina sakafu ya kutegemewa.

Aibu ya njia hii ni mbu, na tutalizungumzia jambo hilo mahali pake.

Je, kuna njia ndefu kwa mtu anayetaka kulala nje?

Ipo Coastal Prairie, kilomita 12 kwenda tu, inayoanzia nyuma ya uwanja wa kambi wa Flamingo na kuishia Clubhouse Beach. Ni barabara ya zamani iliyotumiwa na wavuvi na wachuma pamba. Pamba yenyewe haikulimwa; ilikuwa pamba-mwitu inayoota yenyewe pwani. Katika miaka ya 1930 serikali iliajiri vibarua kuing'oa, ili isiwe maficho ya funza mwekundu anayeharibu mashamba ya pamba ya majimbo mengine. Ukiona leo kichaka chenye maua ya njano hafifu na vitumba vya pamba chafuchafu, ujue kilinusurika.

Njia hii tunaipendekeza kwa shingo upande. Vimbunga vya Katrina na Wilma vya 2005, kisha Irma cha 2017, viliangusha miti na kumwaga tope la bahari juu ya pwani hii, na sehemu za njia hupotea ndani ya mimea mirefu. Jua ni kali, maji ya kunywa hayapo kabisa, na kurudi ni kilomita 12 nyingine. Kulala Clubhouse Beach kunahitaji kibali cha kambi za porini, kinachoombwa kupitia tovuti ya Recreation.gov. Asiyetaka mzigo huo ajaribu Bayshore, kitanzi cha takriban kilomita 3 kinachoanzia karibu na hapo na kupita kwenye mabaki ya kijiji cha wavuvi, ukingoni mwa bahari.

Kwa mwenye baiskeli au miguu mirefu, kuna pia Old Ingraham, barabara iliyofika Flamingo mwaka 1922 na baadaye ikaachwa. Kipande kilichobaki, karibu na Royal Palm, kina takriban kilomita 18 kwenda tu. Kinachosha kwa unyoofu wake, lakini jua linapochwea juu ya nyasi hizo hakuna gari, taa wala sauti ya mtu.

Bear Lake ikoje?

Ni kilomita 2.6 kutoka mwisho wa barabara ya vumbi ya Bear Lake hadi ziwa lenyewe, kando ya Mfereji wa Homestead uliochimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Udongo uliofukuliwa ulirundikwa pembeni, ukawa tuta, na juu ya tuta hilo dogo ukaota msitu wenye aina zaidi ya 50 za miti. Ni mfano mzuri wa jinsi futi moja ya mwinuko inavyozaa msitu katikati ya mikoko. Ndege wa msituni wanaohama hupumzika hapa Oktoba na Aprili. Barabara ya kufikia njia hufungwa mara kwa mara ikilowa, kwa hiyo uliza kwanza.

Huko kote ni majini tu, au kuna nchi kavu pia?

Kuna msitu wa misonobari katika eneo la Long Pine Key, na ndiko tunakowapeleka wale wasiotaka matope. Njia yake kuu ina kilomita 11 hadi Pine Glades Lake, na unaweza kuigawanya utakavyo kwa sababu ina mchepuko kadhaa. Msitu huu unaota juu ya mwamba wenyewe. Mawe ya chokaa yameliwa na maji ya mvua yenye asidi hadi yakawa na ncha na mashimo. Mengine ni madogo kama kikombe, mengine yanaweza kummeza mtu hadi kiunoni. Tazama unapokanyaga.

Huenda ukaikuta miti ina mashina meusi kwa moto na ukadhani kuna janga lililopita. Moto huo huwashwa kwa makusudi. Misonobari hii ina gamba nene linalostahimili moto, wakati miti ya majani mapana inayokua chini yake haistahimili. Bila moto wa mara kwa mara msitu wa misonobari ungefunikwa na kugeuka msitu mwingine ndani ya miongo michache. Everglades ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza Marekani kuchoma misitu yake kwa mpango maalumu, mwaka 1958. Majuma machache baada ya moto, sakafu nyeusi hujaa maua madogo ambayo hayaonekani wakati mwingine wowote, na huo ndio wakati wa kwenda.

Na upande wa kaskazini, Shark Valley?

Karibu kila mtu huko hupanda treni ya wageni au baiskeli kwenye kitanzi cha kilomita 24 hadi mnara wa kutazamia. Si mbali na kituo cha wageni kuna Otter Cave, njia ya mita 400 tu ambayo wengi huipita bila kuiona. Inaingia katika kisiwa cha msitu wa miti migumu, ikivuka vijito kwa madaraja madogo ya mbao, na pembeni yake kuna mashimo ya chokaa yaliyojaa maji na mizizi. Ni fupi mno kumfanya mtu aendeshe gari toka Miami, lakini kama uko tayari huko, ni dhambi kuikosa. Katika miezi ya mvua hufurika.

Nimesikia watu hutembea ndani ya maji yenyewe. Ni salama?

Ni salama ukiongozana na askari wa hifadhi au mwongozaji mwenye leseni, na kwetu sisi ndiyo matembezi yanayofundisha zaidi kuliko yote. Mahali pa kwenda ni kuba ya saipresi, yaani kundi la miti ya saipresi wa majini ambalo kwa mbali linaonekana limeinuka katikati kama paa la msikiti. Ardhi haikuinuka hapo, imebonyea. Miti ya katikati imesimama kwenye shimo lenye udongo mwingi na maji ya kudumu, ndiyo maana ikarefuka, wakati ile ya pembeni inang'ang'ania mwamba na kubaki mifupi.

Unaingia kwa kupita nyasi ndefu zenye kingo za msumeno, ambazo kwa kweli ni za jamii ya ndago. Ukizishika kutoka juu kwenda chini zitakuchana kiganja. Maji huanza kifundoni, hupanda gotini, na ndani kabisa huweza kufika kiunoni. Ni baridi na maangavu kuliko mtu anavyotarajia. Juu yake huelea utando wa rangi ya kahawia yenye manjano, unaoitwa perifitoni. Uchukue kidogo mkononi: ni mlaini kama sifongo, na ukiukamua hutoa maji mengi kuliko ulivyodhani. Umeundwa na mwani, bakteria na vijidudu vingine, nao ndio chakula cha konokono na samaki wadogo wanaoliwa na ndege wote uliowaona Snake Bight. Maji yakikauka, utando huo hutanda juu ya ardhi na kuhifadhi unyevu ambamo viumbe wadogo husubiri mvua.

Shimo la katikati mara nyingi ni la aligeta aliyelichimba mwenyewe, hivyo kiongozi hutangulia na fimbo na ndiye anayeamua mwisho wa safari. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga kamba ambavyo huna huruma navyo. Ndala hubaki ndani ya tope.

Vipi kuhusu aligeta, mamba na nyoka?

Florida ya kusini ndiyo sehemu pekee duniani ambako aligeta na mamba huishi pamoja porini. Aligeta ni mweusi, pua yake ni pana, na hupenda maji baridi ya ndani. Mamba wa Marekani ana rangi ya kijivu iliyokolea ukijani, pua nyembamba, na huonekana kwenye maji ya chumvi, hasa kwenye bandari ndogo ya Flamingo, ambako pia huibuka nguva wa Florida, jamaa wa karibu wa nguva wetu wa Bahari ya Hindi. Msomaji anayewajua mamba wa Rufiji au Mara atashangaa jinsi mamba huyu alivyo mpole ukimlinganisha na wao. Hata hivyo kanuni ya hifadhi ni kukaa angalau mita 4.5 mbali na aligeta au mamba yeyote, na kumlisha ni kosa la jinai, kwa sababu aligeta aliyezoea kupewa chakula na watu hugeuka hatari kwa kila apitaye. Akifungua kinywa na kutoa mlio wa kufoka, umeshasogea mno. Rudi nyuma ulikotoka.

Nyoka wenye sumu ni wa aina nne: nyoka-kayamba (wenye njuga mkiani) wakubwa wa mgongo wa almasi, nyoka-kayamba wadogo, nyoka wa majini mwenye kinywa cheupe kama pamba, na nyoka wa marijani. Wote huepuka watu, na wengi wanaoumwa ni wale waliojaribu kuwashika. Chatu wa Burma ni habari nyingine. Hana sumu na ni nadra kumwona, lakini ni mgeni aliyetokana na biashara ya wanyama wa kufugwa, na ameimaliza hifadhi: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba rakuni (wanyama wadogo wa porini) walioonekana barabarani walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Ukimwona, piga picha, weka alama ya mahali, na utoe taarifa kwenye kituo cha wageni.

Kuna mimea ya kuogopa?

Ipo miwili, na kwa mtembeaji wa njia zisizofyekwa inatia wasiwasi kuliko aligeta. Wa kwanza ni mti-sumu unaoitwa poisonwood, ambao umeenea katika misitu yote ya miti migumu na ile ya misonobari. Ni wa ukoo wa mwembe na mkorosho, na yeyote aliyewahi kubabuka mdomo kwa utomvu wa embe au vidole kwa mafuta ya korosho mbichi anaelewa asili ya shari yake. Utautambua kwa mabaka meusi kama lami kwenye gome, na madoa meusi kwenye majani. Wa pili ni manchineel wa pwani karibu na Flamingo. Utomvu wake huunguza ngozi na macho, na matunda yake yanayofanana na tufaha dogo ni sumu kali. Usijikinge mvua chini yake, kwa kuwa hata matone yanayopita kwenye majani yake hudhuru. Kanuni rahisi ni kutoshika wala kuchuma chochote, na kuvaa mikono mirefu.

Mbu ni wabaya kiasi gani?

Kati ya Mei na Novemba, katika njia za Flamingo, ni wabaya kiasi cha kumfukuza mtu. Hifadhi ina zaidi ya spishi 40 za mbu, na yule mweusi wa mabwawa ya chumvi huuma hata mchana kweupe. Tumeona watu wakishuka gari Snake Bight mwezi Julai na kurudi ndani kabla hawajafunga mlango. Malaria haijakita mizizi Florida, kwa hiyo shida ni maumivu zaidi kuliko homa, ingawa kujipaka dawa bado ni lazima. Chukua dawa ya ngozi, chandarua cha kichwa, na nguo zilizofumwa vizuri za rangi isiyoiva. Upepo wa baharini ni dawa kuliko zote: ukivuma, uwanda wa pwani huwa na nafuu kuliko msituni. Asubuhi na magharibi kuna visubi, ambao hupenya hata chandarua cha kawaida.

Nibebe nini?

Maji. Tunashauri lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku nzima, hata wakati wa baridi, kwa sababu hakuna maji salama ya kunywa kwenye njia hizi, na mengi unayoyaona upande wa Flamingo ni ya chumvi. Ongeza kofia pana, fimbo ya kupimia tope, soksi za akiba na ramani ya karatasi, kwani mtandao wa simu ni hafifu au haupo kabisa kusini mwa hifadhi. Jaza mafuta ya gari na ununue chakula Homestead au Florida City. Kutoka lango la hifadhi la upande wa Homestead hadi Flamingo ni kilomita 61. Mwambie mtu asiyesafiri nawe unaenda njia gani na utarudi saa ngapi.

Kiingilio ni kiasi gani?

Gari binafsi hulipa dola 35, na anayeingia kwa miguu au baiskeli dola 20. Tiketi hudumu siku 7 na hutumika kwenye milango yote. Mwishoni mwa 2025 wizara inayosimamia hifadhi za taifa ilitangaza kwamba, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, mgeni asiye mkaazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi atatozwa nyongeza ya dola 100 katika hifadhi 11, Everglades ikiwamo. Anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat aliweke jambo hilo kwenye bajeti, na anayetembelea hifadhi zaidi ya mbili aangalie kadi ya mwaka ya wageni ya dola 250. Matembezi ya mchana hayahitaji kibali. Kulala porini kunahitaji.

Naweza kwenda na watoto, wazee au mtu wa kiti cha magurudumu?

Njia zilizoelezwa hapa hazipitiki kwa kiti cha magurudumu. Kwa familia ya namna hiyo chagua Mahogany Hammock, Bobcat au Pinelands, ambazo ni fupi na zimesakafiwa. Kwa watoto wanaoweza kutembea, Eco Pond huko Flamingo inatosha: ni mzunguko wa chini ya kilomita moja kuzunguka bwawa ambalo mwanzoni lilitengenezwa kupokea maji taka yaliyosafishwa, na ndege hawakujali asili yake.

Wazee wanaopenda historia wapite Guy Bradley, kilomita 1.6 za tambarare kandokando ya ghuba. Bradley alikuwa mlinzi wa ndege aliyeajiriwa mwaka 1902, wakati manyoya ya yangeyange kwa ajili ya kofia za wanawake wa mijini yalikuwa na bei inayozidi dhahabu kwa uzito. Tarehe 8 Julai 1905 alipigwa risasi na kuuawa karibu na Flamingo alipojaribu kumkamata mwindaji. Aliyempiga risasi hakufikishwa kizimbani.

Mbwa, baiskeli na droni?

Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia za miguu. Baiskeli zinaruhusiwa Rowdy Bend, Long Pine Key na Old Ingraham. Droni ni marufuku katika hifadhi zote za taifa za Marekani.

Gari litakuwa salama nikiliacha siku nzima?

Kwa upande wa wezi, usiache kitu cha thamani kikionekana. Tatizo lisilotarajiwa ni tumbusi weusi, ambao kwenye maegesho ya Royal Palm hupenda kung'oa mpira wa madirisha na wa vifuta kioo. Hifadhi huweka maturubai na kamba za kufunikia magari, bila malipo, na ukikuta magari yote yamefunikwa usione aibu kufanya vivyo hivyo.

Nani ataniambia njia iko wazi?

Kituo cha wageni cha Ernest Coe kwenye lango la Homestead, au cha Guy Bradley huko Flamingo. Ukurasa wa hali ya hifadhi kwenye tovuti ya Idara ya Hifadhi za Taifa hutaja njia zilizofungwa, lakini hautaji kina cha tope. Muulize askari wa zamu swali mahususi: nani alipita Christian Point mara ya mwisho, na alirudi na viatu vya rangi gani.